Draiva mpya inakugomea? Anza na doa la wino, acha ufunguo mfukoni

"Waliniambia hii inasamehe. Mbona mimi haijanisamehe?" Swali hilo, la mchezaji wa gofu aliyeuziwa draiva "inayosamehe" (draiva ndiyo fimbo ndefu ya kupigia mbali), nimelisikia Tororo chini ya ule mwamba, nimelisikia Jinja, nimelisikia Kitante jijini Kampala. Mara ya kwanza kabisa lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Mimi ni mchezaji wa ridhaa. Hendikapu yangu (mapigo ya ziada ninayohesabiwa juu ya kiwango cha uwanja) inapanda na kushuka kati ya 18 na 21, kutegemea mvua na usingizi. Sifundishi gofu wala siuzi fimbo. Ila kwa kuwa nilianza kwa kubeba mifuko ya wengine kabla ya kununua wangu, watu huniletea draiva zao mpya kama wanavyompelekea fundi redio iliyokataa kushika stesheni. Na matatizo wanayoleta hayafiki kumi.

Nimeyaweka hapa kwa dalili. Katika kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, na namaliza na ile ya nadra inayokula pesa. Nimeandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

INASAMEHE NINI HASA?

Kichwa cha draiva ya aina hii kimetanuliwa hadi ukomo wa kanuni, yaani sentimita za ujazo 460, kisha uzito wake umesukumwa nyuma na pembeni. Kazi ya uzito huo ni moja tu: mpira ukigongwa nje ya kitovu cha uso, kichwa kigome kuzunguka. Kipimo cha mgomo huo kinaitwa momenti ya inesha. Kanuni za R&A na USGA, vyama vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zinakiwekea ukomo wa gramu-sentimita za mraba 5,900 kwenye mhimili wa wima, pamoja na kiasi kidogo cha kuvumilia makosa ya upimaji. Ukiona draiva inaitwa "10K", kama Ping G430 Max 10K iliyotoka 2024, jua hapo wamejumlisha mihimili miwili, wa wima na wa mlalo, jumla ikavuka 10,000. Hakuna kanuni iliyovunjwa, ni hesabu ya tangazo tu.

Sasa fanya hesabu nyingine, ile isiyoandikwa kwenye boksi. Uso wa fimbo ukitazama kulia kwa digrii moja tu wakati wa kugonga, mita 200 mbele mpira umeshakuwa mita tatu na nusu nje ya mstari, kabla haujaanza kupinda. Digrii tano ni mita 17 na ushee. Huenda umegonga katikati kabisa, pale patamu, na bado uko kwenye miti.

Kwa hiyo draiva hii inasamehe mahali ulipogonga. Uso uliogeukia kando haiusamehi, na njia inayopita swingi yako (mzungusho wa fimbo) haiioni. Nusu ya wanaonijia wangebaki nyumbani kama wangeambiwa hilo dukani.

KABLA YA KULAUMU CHOCHOTE

Tafuta kalamu ya ubao mweupe, ile ya walimu inayofutika. Tafuta mipira kumi mizuri ya aina moja. Usisahau draiva yako ya zamani, na mtu wa kusimama nyuma yako: kedi (mbeba mifuko), mwanao, yeyote mwenye macho.

Chora doa nene la wino kwenye mpira, uweke kwenye tii (kijiti cha kusimamishia mpira) doa likitazama uso wa fimbo, piga. Doa linahamia kwenye uso na kukuonyesha ulipogonga. Lipige picha kwa simu, lifute kwa kitambaa chenye unyevunyevu, endelea. Kalamu ya wino wa kudumu usiiguse, utasugua hadi jioni.

Piga mitano kwa mpya, mitano kwa ya zamani, rudia. Wengi hupiga thelathini mfululizo kwa mpya, na kufikia ule wa ishirini mwili umepata moto, wanaisifu fimbo kwa kazi iliyofanywa na jasho. Na mipira ya kukodi ya uwanja wa mazoezi, ile iliyopigwa mpaka ikachoka, haifai kwa kupima umbali. Kwa kuona mwelekeo inatosha.

La mwisho: piga picha ya shingo ya fimbo, pale kichwa kinapoungana na mpini na panapogeuzwa kwa ufunguo, ionekane imewekwa kwenye alama gani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kiandike. Ukibadilisha lofti (mwinamo wa uso wa fimbo), uzito na mshiko asubuhi moja, hutajua nani amekuponya wala nani amekuroga.

DALILI: MPIRA UNAKATA KULIA

Huu ndio ugonjwa wa taifa. Watu kumi wakija, sita au saba wameleta slaisi. Kanuni yake haibadiliki: mpira unaanza kwa sehemu kubwa kuelekea uso ulikotazama, na unapinda kwa sababu uso haukukubaliana na njia ya fimbo. Uso ukiwa wazi kuliko njia, mpira unakwenda kulia.

Sababu ya kwanza ni mkono wa kushoto. Nilipoleta draiva yangu ya kwanza ya aina hii Tororo, niliipiga wiki mbili nikisema shafti (mpini wa fimbo) ni ngumu. Kedi mmoja, kijana wa miaka kama ishirini, alinitazama mashimo manne bila kusema neno. Kwenye la tano nikamuuliza.

"Wewe unaonaje, kijana? Nibadilishe shafti?"

"Mzee, nisamehe. Hebu shika fimbo halafu utazame chini. Unaona vifundo vingapi vya mkono wa kushoto?"

Niliona kimoja, tena nusu yake.

"Geuza mkono mpaka uone viwili na nusu. Shafti tutaiongelea kesho."

Kesho yake hatukuiongelea. Ukaguzi huo hauna gharama na unachukua sekunde tano: simama, shika, tazama chini. Vifundo viwili hadi vitatu ni sawa. Kimoja au hakuna, uso utafika umefunguka na hakuna inesha itakayoufunga.

Sababu ya pili imezaliwa na ile ya kwanza. Kwa kuogopa kulia, unasimama umeelekea kushoto. Mabega yanatazama kushoto, fimbo inatoka nje na kukatiza ndani, na slaisi inazidi. Ni kama kukwepa shimo la barabara kwa kuingia mtaroni. Laza fimbo chini mbele ya vidole vya miguu, toka nyuma, tazama inaelekea wapi. Ukikuta inalenga kushoto ya kila kitu, dawa umeipata, ingawa siku mbili za kwanza utahisi umesimama ukitazama magharibi.

Ya tatu ndiyo inayohusu fimbo mpya hasa: kugonga kwa kisigino cha uso, upande wa karibu na shafti. Hapa doa la wino linaongea. Siku niliyopima yangu, madoa saba kati ya kumi yalikuwa yamekusanyika kwenye kisigino, moja juu ya lingine, kama kuku waliobanwa na mvua chini ya ukumbi. Ukigonga kisigino, kichwa kinazunguka upande mmoja na mpira unazunguka upande wa pili, kama gia mbili zilizoshikana, na mzunguko huo unaupinda mpira kulia. Draiva yenye huruma inaupunguza. Haiumalizi.

Chanzo huwa urefu. Draiva nyingi mpya ni inchi 45 na nusu au zaidi kidogo, na kama ya zamani ilikuwa fupi, mwili bado unasimama palepale ulipozoea. Shika fimbo chini kwa inchi moja, au rudi nyuma upana wa kidole gumba. Piga mitano, soma madoa. Yakihamia katikati, umemaliza kazi bila kutoa shilingi.

Sababu ya nne ni mpangilio wa shingo. Hii huwakamata wanaume hasa, naomba nisinukuliwe. Mtu ananunua digrii 10.5, anasikia wakubwa wanapiga 9, anazungusha shingo ipunguze lofti. Kwenye draiva nyingi za kurekebishwa, ukipunguza lofti kwa shingo unaufungua uso palepale. Ukiiongeza unaufunga kidogo. Kwa hiyo jamaa mwenye slaisi amejinunulia slaisi nyingine kwa mkono wake. Rudisha kwenye alama ya kawaida. Bado? Ongeza lofti hatua moja. Bado? Kama ina uzito wa kusogezwa, upeleke upande wa kisigino. Kwa mpangilio huo.

Sababu ya tano, shafti ngumu kuliko kasi yako, ipo kweli. Ila kati ya watu niliowaona wakibadilisha shafti kwanza, sikumbuki aliyepona.

SIMAMA HAPA: ukishasahihisha mshiko, mwelekeo na mahali pa kugonga, na katika mipira arobaini ya siku mbili tofauti zaidi ya nusu bado inakata, acha kuchezea fimbo. Mlipe profesheno wa klabu somo moja. Ni rahisi kuliko shafti, na atakuambia kwa dakika kumi kitu ambacho ufunguo hautakuambia mwaka mzima.

DALILI: UNAPANDA KAMA MOSHI, UNAFIA JUU

Tazama utosi wa fimbo kwanza. Una mikwaruzo? Basi unapita chini ya mpira. Aidha tii iko juu mno au unashuka nao kama mtu anayepasua kuni. Nusu ya mpira ndiyo ionekane juu ya utosi fimbo ikiwa imekaa chini. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Weka mpira usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto, bega la kulia lishuke kidogo, ili fimbo iukute ikianza kupanda. (Na mikwaruzo hiyo ya utosini huondoa thamani ya draiva haraka kuliko kitu kingine. Ukitaka kuirudisha au kuiuza, usipime kwa tii ndefu siku ya kwanza.)

Utosi ni safi lakini madoa yako chini ya uso? Ni zile gia tena, safari hii zimelala wima. Ukigonga chini ya kitovu, mpira unaongezewa mzunguko wa kurudi nyuma, unapaa, unasimama, unaanguka. Hapa dawa ni kinyume cha watu wengi wanavyodhani: pandisha tii. Nimebishana na wazee juu ya hili mpaka chai ikapoa. Wao wanashusha tii ili mpira uende chini, doa nalo linazidi kushuka, na mpira unazidi kupaa.

Upepo nao una lake. Entebbe na Kigo, mchana ukiingia, upepo unatoka ziwani. Mpira uliopanda vizuri saa mbili asubuhi unaweza kusimama hewani saa tisa alasiri kwa swingi ileile. Ukipiga kwa nguvu zaidi kushindana nao, unaongeza mzunguko na unaupa upepo kitu cha kushika. Usihukumu draiva kwa saa tisa ya ziwani.

Lofti iliyozidi huja mwisho, na kwa sisi wa ridhaa ni nadra. Draiva hizi zenye uzito nyuma kabisa kwa kawaida hurusha mpira juu na mzunguko wake ni mkubwa kidogo. Ndiyo bei ya huruma. Kama madoa yako katikati, utosi ni safi, hewa imetulia, na bado mpira unafia juu, hapo ndipo upunguze hatua moja. Kisha rudi uone kama slaisi haijaamka.

DALILI: HAUPANDI KABISA

Unatoka kama unatafuta mchwa. Kwa ufupi: umenunua lofti ndogo. Mchezaji wa ridhaa mwenye swingi ya maili 85 hadi 95 kwa saa kwa kawaida anahitaji 10.5, na mwenye swingi ya polepole 12 haimwaibishi. Anayebeba digrii 9 kwa fahari hulipia fahari hiyo kila tii.

Kama lofti si tatizo, angalia mpira usije ukawa umekaa nyuma mno kati ya miguu, halafu angalia unyevu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, uso wa fimbo ukiwa na maji au majani yaliyobanana, mpira unatoka bila mzunguko wa kutosha na kudondoka ghafla, kama ndege aliyepigwa manati. Pangusa uso na mpira kabla ya kila pigo. Kedi mzuri hafanyi hivyo kwa adabu tu.

DALILI: UNAKWENDA SAWA, ILA UMBALI NI ULEULE

Hawa huja na hasira kuliko wote, maana wamelipa pesa nyingi. Kwao nina habari mbaya na habari njema.

Mbaya: uso wa draiva unaruhusiwa kuwa na nguvu ya springi ya kiasi fulani tu, na watengenezaji waliufikia ukomo huo zamani. Kama ya zamani ni ya miaka kumi iliyopita na ilikuwa halali, basi mpira unaogongwa katikati kabisa utatoka kwa kasi inayokaribiana sana na ya mpya. Pigo lako bora halitaongezeka sana. Usilipime hilo.

Njema: lipime pigo lako baya. Katika mipira kumi, weka kando ile mitatu bora, nenda katazame mitatu mibovu imelala wapi. Kwa ya zamani, mitatu yangu mibovu ilikuwa mmoja kwenye mtaro, mmoja kwa jirani kwenye feawei ya shimo lingine, na mmoja sikuuona tena. Kwa mpya, yote mitatu niliipata, imepungukiwa na ile mizuri kwa hatua kumi na tano hivi. Hapo ndipo pesa ilipokwenda. Ukipima mipira miwili bora na kuwaringia wenzako, utairudisha dukani fimbo iliyokuwa inakusaidia.

Jihadhari pia na ardhi. Januari na Februari udongo umekauka, mpira unatua na kukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Aprili unazama palepale ulipoangukia. Ukipima ya zamani kiangazi na mpya masika, umepima mvua. Hesabu mahali mpira ulipotua, si uliposimama.

Na hewa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Rafiki yangu wa Mombasa alikuja na draiva mpya, akaipiga hapa siku tatu, akaapa kwamba ameongeza umbali wa hatua kumi na tano. Akarudi kwao, na simu ya kwanza aliyonipigia ilikuwa ya kuuliza kama fimbo huweza kuharibika ndani ya ndege.

DALILI: KITU KINALIA NDANI YA KICHWA

Tingisha fimbo karibu na sikio. Sauti ya punje moja inayotembea, kama mbegu ndani ya kibuyu, mara nyingi ni kipande cha gundi kilichoachia. Inaudhi, haina hatari. Fimbo ikiwa mpya na ina warantii, irudishe. Usiitoboe kuitoa punje, maana kichwa kilichotobolewa huenda kisiwe halali tena, na warantii inakufa hapohapo.

Mlio wa chuma kwa chuma, "ta-ta", hutoka kwenye skrubu ya uzito au ya shingo iliyolegea. Tumia ufunguo uliokuja na draiva, si bisibisi ya jikoni. Ufunguo huo umetengenezwa uteleze na kulia ukifikia kaza yake. Ukilia, acha. Niliwahi kumwona bwana mmoja akiukaza "kidogo tu tena" kwa koleo; skrubu ikakatikia ndani, na draiva aliyokuwa nayo siku mbili ikawa pambo la ukutani.

Kama hakuna kinachotingishika lakini sauti ya kugonga imebadilika, imekuwa nzito kama debe lenye nyufa, beba fimbo juani na utazame uso na utosi polepole. Pitisha ukucha. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Usisahau pale shafti inapoingia kwenye shingo: pete imepanda? Kuna unga mweupe? Gundi imeanza kuachia. Hili tunalichangia wenyewe kwa kuacha mfuko kwenye buti la gari juani kutwa nzima, joto likailegeza gundi, au kwa kuupakia kwenye bodaboda bila soksi za vichwa, fimbo zikigongana kutoka Nakawa hadi Lugogo.

SIMAMA HAPA, na hapa sitanii: ukiona ufa kwenye uso, utosi au shafti, au kichwa kinacheza shingoni, usipige hata mpira mmoja wa kujaribu. Kichwa cha gramu 200 kikichomoka kwenye swingi kinakwenda kwa yeyote aliye karibu, na shafti ya grafaiti ikivunjika huacha vipande vyenye ncha kali kama mwiba wa samaki. Wala usijaribu kuchomoa kichwa kwa moto wa jiko. Grafaiti inaharibika kwa joto bila kukuonyesha, inakungoja siku nyingine. Mpelekee fundi wa fimbo.

DALILI: FIMBO INATELEZA MKONONI

Raba ya mshiko imeshiba jasho na vumbi la marramu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, brashi laini, suuza, kausha kivulini. Hata fimbo mpya huja na utelezi wa kiwandani. Ukiosha na bado inateleza, tazama glavu yako. Pengine ndiyo imekwisha. Raba nyembamba mno kwa kiganja chako nayo hukufanya uikamue, na ukiikamua mkono unakakamaa na uso haufungi. Kubadilisha raba ni kazi ndogo ya fundi.

DALILI: MAUMIVU

Hii sina ukaguzi wa kukupa. Kiwiko kinachouma kwa ndani, kifundo cha mkono, mgongo wa chini unaochoma baada ya ndoo mbili za mipira: acha kupiga siku hiyo. Draiva mpya humfanya mtu mzima apige mipira mia kwa asubuhi moja, kitu asichofanya mwaka mzima. Kama siku chache za kupumzika hazikuondoa maumivu, nenda kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Ganzi kwenye vidole, au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, usiyasubiri hata hizo siku chache. Na kifua kikibana uwanjani, weka fimbo chini upelekwe hospitali sasa hivi, shimo la kumi na nane litakuwepo.

UKITAKA KUINGIA NAYO MASHINDANONI

Kama umeinunua mkononi kwa mtu, hakiki kwanza ni halisi. Bandia zipo, na nyingine zimetengenezwa vizuri kiasi cha kumdanganya kedi. Bei iliyo nusu ya bei ya kila mahali, namba ya mfululizo iliyochorwa ovyo au isiyokuwepo, rangi ya herufi inayovuka mipaka yake, kichwa kinachosikika kama sufuria: kimoja kikutie shaka, viwili vikurudishe nyumbani na pesa zako. R&A na USGA wana orodha ya vichwa vya draiva vilivyo halali, nayo iko wazi kwenye intaneti; tafuta jina na lofti ya kichwa chako. Mimi nilimsaidia bwana mmoja kutafuta chake kwa nusu saa nzima. Jina lililoandikwa kwenye fimbo yake halikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote.

Ufunguo uache kwenye mfuko raundi ikianza. Ukigeuza lofti au uzito kwa makusudi katikati ya raundi kisha ukapiga pigo, ni kuondolewa. Ukijisahau ukageuza, irudishe ilivyokuwa kabla ya kupiga, hakuna adhabu. Jinja wanasifika kwa kanuni yao ya nyumbani inayokuruhusu kuinua mpira uliotua kwenye unyayo wa kiboko bila adhabu, lakini hata huko sijaona kanuni inayomhurumia mtu mwenye ufunguo mkononi kwenye tii ya saba.

Na uhesabu fimbo kabla ya tii ya kwanza. Anayejaribu draiva mpya hubeba na ya zamani "ikitokea", zinakuwa kumi na tano, na ukomo ni 14. Adhabu ni mapigo mawili kwa kila shimo ulilovunja, hadi manne kwa raundi. Yalinikuta, na mwaka huo mapigo manne ndiyo yaliyonitenganisha na seti ya glasi. Ya zamani iache kwenye gari, na gari uliegeshe kivulini.